Kapu la Saa Sita na Dakika Saba

"Andika ajali," Mrakibu Demajo alisema. "Na yule mama mwongoza watalii mwandikie uzembe. Meli inang'oa nanga saa kumi, na sitaki kusikia kwamba polisi wa Valletta wamewasumbua wageni kwa sababu ya kikongwe aliyeteleza."

Sajini Nenu Galdes alikuwa amesimama. Ofisi ile ilikuwa na viti vinne vya ngozi, vipya kabisa, na hakuna hata kimoja alichoambiwa akalie. Mezani palikuwa na beji ya Lonza Tabone, ile ya plastiki wanayovaa shingoni waongoza watalii, na karatasi moja ya maelezo. Karatasi moja tu, kwa mtu aliyeishi miaka themanini na mmoja.

Aliisoma tena, polepole, maana macho yake hayakuwahi kuzoea maandishi. Bibi Katarin Bondin, mjane, alikutwa jana chini ya ngazi za nyumba yake, shingo imevunjika. Daktari anasema alikufa kati ya saa tano na nusu na saa sita na nusu mchana. Aliyemkuta ni mtoto wa kaka yake, Renald Bondin, katibu wa Kamati ya Kupendezesha Mji. Renald aliingia kwa mlango wa mtaani saa sita na nusu, akamwona shangazi yake, akamfunika koti, akapiga simu, akakaa naye palepale chini mpaka polisi walipofika na kuifunga nyumba kwa utepe. Juu hakupanda. Kabla ya hapo watalii wa Lonza walikuwa wamepanda kutazama bandari kutoka roshani ya bibi, na walipokuwa wanashuka walimsukuma.

"Nani kasema walimsukuma, afande?"

"Akili inasema."

"Na watalii wenyewe wameulizwa?"

Mrakibu alivua miwani. "Galdes, meli ile moja ina watu elfu tatu. Wakisema Valletta wanahojiwa kama wezi, mwakani wanateremka kwingine. Unalielewa hilo, au nikuchoree?"

"Naelewa kwamba bibi hana meli."

"Unasemaje?"

"Nasema nipe huyo mama Lonza mpaka saa kumi, nimpitishe njia yake aliyopita jana. Unajua mimi shule niliiacha na miaka kumi na mitatu, afande. Nisipoona kwa macho, siwezi kuandika."

Mrakibu alicheka, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Nenu aliichukua beji mezani, akaitia mfukoni.

"Hiyo ya nini?"

"Kielelezo," Nenu alisema, akatoka.

*

Lonza Tabone alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye mwavuli wa njano na sauti ya kuita watu uwanjani. Usiku mmoja mahabusu haukuipunguza.

"Umeleta pingu, Nenu, au tunatembea kama wachumba?"

"Tembea. Na useme kila ulichosema jana, pale ulipokisemea. Mimi nashika saa."

Walianza kwenye chemchemi nje ya lango la mji, wakaingia. Lonza aliinua mwavuli wake, akaanza, na hakupita nyumba ya tatu kabla wageni wawili wenye kofia hawajajiunga nyuma yao wakidhani ni ziara.

"Na katika jumba hili," Lonza alitangaza, "alilala mfalme siku tatu."

"Mfalme gani?" Nenu aliuliza chini kwa chini.

"Yeyote. Hawaulizagi."

"Mimi nauliza."

"Ndiyo maana hujawahi kupanda cheo."

Nenu aliwafukuza wale wageni kwa jicho, wakaendelea. Saa tano na dakika ishirini na tano walifika juu ya mtaa wa ngazi alikoishi Bibi Katarin. Mtaa ule ulikuwa unateremka hadi bahari ionekane katikati ya nyumba kama kipande cha bati. Roshani za mbao, zilizofungwa kwa madirisha, zilikuwa zimepakwa rangi mpya, kijani na nyekundu, kwa ajili ya picha. Hatua za mawe zilikuwa zilezile. Ya nane ilikuwa imemeguka. Marehemu mke wa Nenu, Vitorin, alipata kuiandikia halmashauri barua tatu kuhusu hatua hiyo. Vitorin amezikwa miaka sita sasa, na hatua ya nane bado inangoja fundi.

"Pita kushoto," Nenu alisema, akaipita.

Nyumba nne kati ya saba za upande ule zilikuwa na vibao vya shaba: hoteli, hoteli, nyumba ya wageni, hoteli. Ya Bibi Katarin haikuwa na kibao. Ilikuwa na jukwaa la mafundi, mabomba na turubai, limesimamishwa mbele ya mlango hadi chini ya roshani.

"Hili limewekwa lini?"

"Wiki ya tatu leo," Lonza alisema. "Mwenyewe yumo ndani anakula, wao wanamjengea hoteli kichwani. Aliwaambia: mtanitoa nikiwa nimelala. Kwa sauti, roshanini, mtaa mzima ukasikia."

"Aliwaambia kina nani?"

"Kamati. Yaani Renald. Kamati ni nani tena?"

Ufunguo ulikuwa mlangoni, kwa nje, kama ulivyo kwenye milango yote ya vikongwe wa mtaa ule. Anayekuja anazungusha, anaita, anapanda. Nenu aliukata utepe wa polisi. Ngazi za ndani zilikuwa thelathini na moja, nyembamba, mawe yamelika katikati. Alizipanda akihesabu. Kamba ya kushikia ilikuwa imara ukutani. Alama ya msukumano wa watu hakuiona, hata mstari wa kiatu kwenye chokaa.

"Jana mlishuka vipi?"

"Mmoja mmoja. Hapa hata ukitaka kumsukuma mtu unaomba nafasi. Bibi alibaki juu. Tukiwa mtaani alitupungia mkono roshanini. Saa sita kasoro robo, kwa sababu saa sita lazima niwe bustani ya juu wageni waone mizinga ikipigwa. Nikiwakosesha mizinga, wanadai nauli."

"Mlikuwa wangapi bustanini?"

Lonza alijishughulisha na mwavuli.

"Lonza."

"Kumi na watatu."

"Karatasi inasema kumi na wanne."

"Kumi na wanne tulianza! Nawahesabu kwa kofia kila kituo. Bustanini nikapata kumi na watatu. Nikasema kimya, huyo atakuwa kaingia baa. Ukipoteza mgeni wanakunyang'anya beji, Nenu, na beji ndiyo jiko langu. Nikamkuta baadaye gatini, yuko mzima, amekaa na picha zake. Mzee wa Denmaki, Aksel, kofia nyekundu."

"Kwa hiyo saa ile bibi alipokufa, kuna mtu wako mmoja alikuwa amebaki huku, na wewe umelificha hilo kifuani."

"Nilijua utaniangalia hivyo."

Nenu aligeukia mlango wa chumba. Mtu mmoja, kofia nyekundu, saa nzima hajulikani alipo. Mrakibu akilipata hilo atafurahi, maana mgeni akishuka melini kwa pingu ni aibu, lakini Lonza akienda jela kwa kumficha mgeni, hiyo ni kazi nyepesi. Aliingia chumbani.

Meza, kiti kimoja, picha ya harusi. Bakuli lenye sehemu laini ya ndani ya mkate wa juzi iliyorowekwa kwenye maziwa, imeganda. Karibu na bakuli, mkate wa duara, umefungwa nusu ndani ya kitambaa chake. Nenu alifunua. Ulikuwa wa jana. Ncha yake moja, ile yenye ganda gumu kuliko kote, ilikuwa imemegwa kwa mkono.

"Mlipokuwa hapa, mkate huu ulikuwepo?"

"Hapana. Bibi aliwaambia wageni anamngoja Saver, muuza mkate. Aliwaonyesha kapu analoteremsha kwa kamba kutoka roshanini. Wakalipiga picha kama mtoto mchanga."

"Bibi alikuwa na meno?"

"Hata moja. Maganda alikuwa anayaweka kando, kuku wa jirani wanakula."

Maganda ya juzi yalikuwapo, kwenye sahani kando ya sinki. La jana halikuwapo. Nenu alipiga magoti, akatafuta chini ya meza, kisha akaenda kwenye dirisha la pembeni lenye pazia, linalotazama mtaani. Hapo, kwenye kizingiti, palikuwa na chembe za ganda. Aliyekula alikula amesimama, nyuma ya pazia, akichungulia chini.

Mizinga ya saa sita ikalia bustanini, vioo vikatetemeka. Nenu aliangalia saa yake, akangoja. Dakika ya sita honi ya gari la mkate ikalia chini ya mtaa.

*

Saver muuza mkate alikuwa mtu mwenye unga hadi kwenye nyusi, na mara hii hakuwa na utani.

"Miaka kumi na tisa, Sajini. Napiga honi, kapu linateremka, natia mkate, naita 'Vuta, mrembo!' Anavuta. Na jana hivyo hivyo."

"Ulimwona?"

"Jukwaa lao hilo linaziba. Naona kapu tu na chini ya roshani. Kapu nililikuta limeshateremka. Nikatia mkate, nikaita, nikangoja. Kimya. Nikaita tena. Mara pale juu dirisha la Stela, jirani yake, likafunguka, akauliza, 'Katarin hajachukua mkate?' Akasema anashuka kumwangalia. Ndipo kapu likapaa."

"Likapaa vipi?"

Saver alimtazama. "Swali zuri hilo. Bibi bega lake bovu, huvuta kidogo, anapumzika, kapu linagonga ukuta, anavuta tena. Sala nzima inaisha. Jana lilikwenda juu kwa mvuto mmoja. Nikacheka, nikasema, 'Umerudi usichana, Katarin!' Siku zote hunijibu Mungu akuweke. Jana hakunijibu. Nikasema labda amenuna."

"Polisi walikuuliza haya?"

"Polisi gani? Kijana mmoja aliniambia niondoe gari, linaharibu picha."

Nenu alimwambia Saver saa tisa na nusu awe pale pale chini ya roshani, na Lonza akae naye karibu. Saver alisema hata akiambiwa alale pale, atalala.

Gatini walimpata mzee Aksel kabla ya saa nane, kwenye benchi, goti lake limefungwa bendeji, kofia nyekundu kichwani. Ofisa wa bandari mwenye tai aliwakimbilia akisema hairuhusiwi kuongea na abiria bila kibali. Nenu alimwuliza kibali hicho kinatolewa na nani. Ofisa alisema na bosi wake, na bosi wake yuko chakulani. Nenu alisema basi naye aende akale, akakaa benchini.

Mzee wa watu hakuwa na siri. Goti lilimgomea kwenye zile hatua mbovu, hasa ile iliyomeguka. Alikaa kivulini upande wa pili, juu kidogo ya nyumba, akapiga picha mpaka saa saba kasoro robo polisi walipokuja kumwambia aondoke.

"Alikuwa anaumwa goti," Lonza alitafsiri, "na anasema samahani sana kama amenitia matatani."

"Mwambie hakuna aliyemwomba samahani yeye kwa ile hatua. Alimwona nani anaingia au kutoka?"

Mzee alitikisa kichwa. Mlango hakuuona, turubai lilikuwa mbele. Aliiona roshani tu. Akafungua kamera yake, akawapa.

Kapu chini, tupu. Kapu chini, mkate ndani, na kipara cha Saver pembeni. Saa ya kamera: sita na dakika saba. Kisha picha iliyotikisika kidogo: kapu angani, kamba imenyooka, na kwenye dirisha la roshani mkono wenye misuli, shati la samawati limekunjwa hadi kiwiko, unavuta.

Lonza alijishika mdomo. "Huo si mkono wa Katarin."

"Si wa mgeni wako pia," Nenu alisema. "Huyu alikuwa anaupiga picha."

*

Saa tisa na nusu Mrakibu Demajo alipanda zile ngazi thelathini na moja akihema, na nyuma yake Renald Bondin, suti nyeusi, kitambaa mkononi. Renald alikuwa amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Sasa anaishi ng'ambo ya bandari, penye lifti.

Nenu alikuwa amefungua madirisha yote ya roshani.

"Funga, kuna upepo," Mrakibu alisema.

"Kuna harufu, afande." Akayaacha wazi. "Bwana Renald, pole kwa msiba. Swali dogo, niandike vizuri. Huu mkate nani aliupandisha juu?"

"Shangazi. Nani mwingine?"

"Muuza mkate anasema aliutia kapuni saa sita na dakika saba. Kwa hiyo saa hiyo shangazi alikuwa hai."

"Bila shaka."

"Vizuri. Saa sita kamili Lonza na watalii kumi na watatu walikuwa bustani ya juu wanaangalia mizinga. Wa kumi na nne alikuwa kakaa pale ng'ambo na kamera. Basi waliomsukuma ni nani, afande?"

Mrakibu alihesabu kwa vidole. Ilichukua muda hesabu hiyo ndogo kumfikia.

"Aliteleza mwenyewe basi," Renald alisema haraka. "Alikuwa anashuka."

"Kwenda wapi? Mkate umeshafika. Hajashuka ngazi hizi tangu Pasaka."

"Alikuwa mzee! Wazee wana mambo yao!"

"Kweli. Hana jino hata moja, lakini jana alimega ganda gumu kuliko yote, akaenda kulila kwa kusimama nyuma ya pazia lile. Chembe zipo, zimehifadhiwa."

Renald alitazama mkate. Hakuweza kujizuia, macho yalikwenda yenyewe. "Ganda alikuwa ananiwekea mimi. Tangu utotoni."

"Juu hukupanda, ulisema."

"Nilipanda... baadaye kidogo."

"Polisi wamekukuta chini, wamekutoa nje, wamefunga utepe, nimeukata mimi leo. Baadaye ipi?" Nenu aliweka picha ya kamera mezani, iliyochapwa dukani nusu saa iliyopita. "Na shati hili la samawati ninaamini liko nyumbani kwako. Lakini hilo si linaloniudhi. Linaloniudhi ni kwamba mtu amemtupa mwanamke mzee ngazini, amemwacha chini pale, kisha akarudi juu na kushughulika na mkate. Mgeni angekimbia, Bwana Renald. Mgeni asingejua hata kapu lile linangoja nini. Ungeliacha tu lining'inie, ukashuka, ukaenda zako."

"Ningeliacha vipi?" Renald alipaza sauti, shingo imemvimba. "Mkate wa watu unaning'inia mtaani, Saver anapiga kelele, Stela anasema anashuka, ufunguo uko mlangoni! Dakika mbili wote wangekuwa humu ndani! Ilibidi nivute!"



Kisha sauti ya Saver ikapanda kupitia madirisha yaliyo wazi, si kubwa, ya kukauka: "Umesikia, Stela?"

"Nimesikia," mwanamke akajibu kutoka roshani ya jirani. "Tumesikia wote."

Mrakibu Demajo alikimbilia dirishani, akaanza kufunga, akaona nyuso katika kila roshani ya mtaa, akaacha. "Galdes," alinong'ona, "hili tungelizungumza taratibu. Kituoni. Kamati ina watu wake, kuna Waziri..."

"Kiti kile pale, afande," Nenu alisema. "Kaa, uandike wewe. Mimi shule sikumaliza."

Alimfunga Renald pingu mwenyewe. Renald alikuwa anarudia jambo moja, kwamba hakukusudia, kwamba alimwomba tu atie sahihi, kwamba nyumba nzuri kama hii kubaki na kikongwe mmoja ni hasara kwa mji. Askari wawili walimteremsha, mmoja mbele, mmoja nyuma, kwa sababu ngazi zile hazina nafasi ya zaidi.

Nenu alibaki na kapu. Alitoa ile beji mfukoni, akaiweka ndani, akaliteremsha taratibu, likigonga ukuta, kama alivyokuwa anafanya Bibi Katarin mwenyewe. Chini Lonza alikuwa amesimama karibu na Saver. Kundi jipya la watalii lilikuwa limesimama kwenye hatua, na walipoliona kapu wakainua kamera zote kwa pamoja.

Lonza alichukua beji, akaivaa. Mizinga ya saa kumi ikalia, na kule bandarini meli ikaitikia kwa honi. Aliwageukia wale wageni ambao hata hawakuwa wake, akafungua mwavuli wa njano, na sauti yake ikafika mpaka juu.

"Shusheni hizo kamera kwanza, msikilize. Humu hakulala mfalme yeyote. Humu aliishi Katarin Bondin, na jana walimuua. Nitawaambia ilikuwaje. Na mkipanda, hatua ya nane mpite kushoto."